Sifa za Tundu la Jino

Mtu mzima aliyejaliwa ana meno 32, na anaweza kuishi miaka bila kujua lipi linatafuna na lipi limekaa tu. Halafu jioni moja anauma kashata, kitu kigumu kinagonga, anadhani ni kijiwe. Anakitema kiganjani: kipande cha kijivu kisichozidi punje ya choroko. Jino limezibuka. Kuanzia dakika ile jino lile ndilo mwenye nyumba, na yeye ni mpangaji.

Watu hulilaani tundu hili. Mimi naona limeonewa, na ninasimama kulitetea.

Tuanze na ukubwa wake. Daktari atakwambia ni milimita chache. Ulimi haukubali. Ulimi umekwenda kukagua na umerudi na habari za pango lenye kingo kali, kisha unakwenda tena kuhakikisha, na tena, mpaka unachubuka. Mwenye jino anajifungia chooni na simu, anawasha tochi, anapanua mdomo mbele ya kioo, anapinda shingo huku na huku, haoni kitu. Anatoka akiwa ameamini ulimi.

Elimu nayo linayo. Chini ya gamba gumu la jino kuna tabaka lenye vijineli vyembamba visivyoonekana kwa macho, vimejaa majimaji, vinaelekea kwenye neva. Baridi au sukari ikigusa pale, majimaji yanasogea na neva inapata taarifa papo hapo. Muuza juisi anayeapa kuwa hakutia sukari, tundu litamuumbua kwa funda moja. Mama amesema miaka yote, zahanati imebandika mabango, na bado peremende hazikutuishia mifukoni. Tundu limefaulu kwa usiku mmoja.

Tena linakusanya watu. Mwenye homa huambiwa pole, mwenye tundu huambiwa dawa. Kijana wa bodaboda ana supagluu mfukoni, na soli ya kiatu chake ndiyo shahidi. Shangazi anataka aspirini isagwe, ibandikwe kwenye ufizi. Wana nia njema wote wawili, na wasisikilizwe: gundi ile haikutengenezewa kinywa na hufungia uchafu ndani, na aspirini ni tindikali, inaunguza ufizi, ukabaki na maumivu mawili. Bibi aliyenyamaza pembeni ndiye mwenye hoja. Karafuu. Mafuta yake yana yujenoli, ambayo hutia ganzi, na madaktari wa meno wenyewe huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kutengeneza kizibo cha muda. (Wapemba wana haki ya kuringa hapa.) Ila ni tone moja kwenye pamba, si kumimina, maana mafuta hayo nayo huunguza. Ongeza maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya kusukutulia, piga mswaki taratibu bila kuliruka jino hilo, tafunia upande wa pili, na umtafute daktari ndani ya siku chache.

Wanaolidharau hawajui nasaba yake. Huko Slovenia lilipatikana jino la mtu aliyeishi miaka 6,500 hivi iliyopita, na ufa wake umefunikwa kwa nta ya nyuki. Nasi hatukuachwa nyuma. Katikati ya miaka ya 1980, hapahapa Tanzania, ilianzishwa njia ya kuziba jino bila mashine wala umeme: uozo unakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu linajazwa saruji inayoshika kwenye jino. Kabla ya hapo aliyekuwa mbali na umeme alikuwa na tiba moja, kung'olewa. Njia ile sasa inatumika nchi nyingi duniani. Sijui ni kasoro gani nyingine ya mwili iliyowafikirisha wataalamu kwa faida kiasi hicho.

Lakini sifa yake kuu ni adabu. Tundu halipigi kelele milele. Litakuita kwenye chai, litakuita kwenye maji ya friji, litakuamsha usiku mara kadhaa, na likiona hujali, linanyamaza. Hapo wengi hushangilia na kurudi kwenye muwa. Mara nyingi ukimya ule ni wa neva iliyokufa, na bakteria wanashuka kuelekea kwenye mzizi bila bughudha. Lawama si yake, lilisema. Siku shavu likivimba na homa ikapanda, au kumeza kukawa shida, nenda hospitali siku ileile, hata kama ni Jumapili.

Wengi huenda na kile kipande wamekifunga kwenye karatasi, wakitumaini kitarudishwa mahali pake. Kofia ya jino ikitoka nzima, hiyo itunze, huweza kubandikwa upya. Kizibo hakirudi. Kile cha kijivu karibu nusu yake ni zebaki, na daktari anayejua kazi yake hakitupi kwenye pipa la takataka, anakitia kwenye chombo chake chenye mfuniko. Kisha anavuta taa, anapuliza hewa baridi juu ya jino na kuuliza unasikiaje. Mdomo uko wazi, huwezi kutamka neno. Tundu linajibu kwa niaba yako, na miguu inaruka kutoka kwenye kiti.