Shaba ya Baba Mdogo

Vita vilianza siku Mama Mdogo alipoitaka stoo yake. Lile chogo la TV la inchi 21 lilinusurika hata mwisho wa 2012, analojia ilipozimwa Dar es Salaam: Baba Mdogo alilifungia king'amuzi, maisha yakaendelea. Ilipokuja TV bapa, chogo likahamia stoo, juu ya gunia la mkaa, na hakuna aliyelitaka hata la bure.

"Baba Asha, hili dude linatoka lini?"

"Mama Asha, tulia. Humu mna shaba. Na dhahabu."

Dhahabu ipo kweli, lakini ni ya kupakwa tu kwenye bodi. Ukiihangaikia kwa moto na tindikali utaugua kabla hujatajirika. Shaba ndiyo ya uhakika, ile koili nyekundu iliyovikwa shingoni mwa kioo, na wenye mizani ya skrepa wanainunua. Baba Mdogo akatoka uani na nyundo, kanzu ya Ijumaa mwilini.

Kioo kile ndani hakina hewa. Kikipasuka hubonyea kwanza, halafu vipande huruka. Puu! Kuku wakapanda ukutani, Bibi chumbani akatoa shahada. Baba Mdogo alisalimika, ila alijaa unga mweupe, na ndala yake moja haijaonekana mpaka leo.

Mama Mdogo hakucheka. Alifukuza watoto, akajifunga kitambaa puani, akalowesha vumbi ndipo akalizoa. Alijua alifanyalo: kwenye kioo cha nyuma cha TV ya rangi, oksidi ya madini ya risasi hufika moja ya tano ya uzito, na risasi huharibu ubongo wa mtoto. Wenye kazi yao huingiza hewa kwanza, hutenga kioo cha mbele na cha nyuma, hufyonza ule unga kwa mashine, kisha cha nyuma hupelekwa kwenye tanuri la kuyeyushia risasi. Bapa nazo si malaika. Za zamani zina vijitaa vyenye zebaki.

Pesa ya shaba haikufika bei ya kanzu mpya. Mwenye mzani alipoonyeshwa vile vioo alisema tu: "Hivyo, mzee, rudi navyo."

Kama unalo chogo, liache zima. Anayekuja kulichukua mwulize kioo anakipeleka wapi. Akijibu kwamba yeye ni wa shaba tu, usimpe.