Sifa za Menyu Iliyojificha

Washairi wamekwisha kusifu wafalme na bahari. Mimi naisifu menyu ya pembeni, ile inayokaa nyuma ya mistari mitatu kwenye kona ya programu ya simu. Ukiigusa inateleza kutoka kushoto, inafunika karibu skrini yote na kukuachia ukanda mwembamba tu wa ulikotoka.

Ina nasaba. Mistari yake ilichorwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star iliyotoka mwaka 1981, na mwaka 2013 Google ikawapa waundaji wa programu za Android nyenzo rasmi ya kuitengenezea. Ina kivuli kizuri. Watoto hupenda kuivuta.

Lakini fadhila yake kuu ni haya. Vitufe vya chini ya skrini havina adabu: vimejipanga hadharani, kila mpita njia anaviona. Menyu yetu haijitokezi mpaka iitwe. Kuna watu wametumia programu mwaka mzima wasijue kama ina menyu, na mwaka huo wote haikulalamika. Android 10 ilipotoka mwaka 2019, ukingo wa skrini ukapewa kazi ya kurudi nyuma. Tangu hapo ukijaribu kuivuta menyu, wakati mwingine programu nzima inafungika. Staha gani ipitayo hiyo? Kuifikia ni kuchimba, na hapa Luena, mji wa makaa ya mawe, kuchimba hakumtishi mtu. Ila mchimba makaa hulipwa, na mchimba menyu ndiye anayelipa, kwa mega zake mwenyewe.

Kuitengeneza si kazi ngumu. Unahakikisha kitufe cha kurudi kinaifunga menyu kwanza, si programu. Unaiacha ijifunge kabla ukurasa mpya haujafunguka, la sivyo simu ya bei nafuu inakwamakwama. Kazi ngumu ni mkutano. Kampuni ya mikopo iliyoniajiri, huko Lubumbashi, iliipenda menyu kwa sababu haijai: kila mkuu wa idara alipata mstari wake, na hakuna aliyelazimika kuamua mteja anahitaji nini. Juu kabisa, mahali pa picha ya mtumiaji, wakaweka picha ya mkurugenzi. Mikopo ikabaki nje, kitufe kikubwa cha rangi ya machungwa. Makato na malalamiko yakaingia ndani.

Jamani, ndani wapi! Mama mmoja auzaye unga karibu na kituo cha treni alinipa simu yake. “Papa, feza yangu wamekata. Naulizia wapi humu?” Nikamwonyesha: mistari mitatu, shuka mpaka chini, Kuhusu Sisi, halafu Msaada, halafu Wasiliana Nasi. Fomu ikafunguka ikadai anwani ya barua pepe. Hana. Fomu haina njia nyingine. Treni ilikuwa inaingia, akaichukua simu yake akawahi wateja.

Niliomba malalamiko yaletwe ukurasa wa mbele. Mkuu wa huduma kwa wateja alinijibu kwa upole kwamba hakuna haja, menyu inafanya kazi vizuri mno: tangu programu izinduliwe, malalamiko yamepungua.