Mzani wa Watoto na Gurudumu la Kushoto

Pikapu yetu ni Hilux ya miaka ya tisini, ya dizeli, inayovuta magurudumu yote manne, na wanaoidai ni wengi kuliko wanaoitia mafuta. Mume wangu huibebea mahindi. Shemeji, anayenunua mawe ya dhahabu kwa wachimbaji wadogo, huijaza viroba mpaka springi zinalala, akaviwahishe karashani. Mama mkwe anaitaka Jumapili. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, naitaka siku za kupima watoto vitongojini.

Basi pedeli ya breki ilipoanza kuzama, kila mtu alikuwa na maelezo yake. Shemeji alisema padi zimekwisha. Padi zikabadilishwa, pedeli ikazidi kuzama, na gurudumu la mbele kushoto likaanza kunguruma. Fundi wa barabara kuu, kijana aliyejifunzia kazi kwenye malori yanayotoka Kahama kwenda Lusahunga na kuendelea Rwanda na Burundi, hakufungua kitu. Alipiga jeki, akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Likacheza.

"Beringi, mama," akasema. "Padi mmezionea bure."

Beringi ikilegea, diski inayumba, na diski inayoyumba huzirudisha padi nyuma. Mguu wa dereva ndio unaolipa ule mwanya. Masika maji ya mbugani yalikuwa yamepenya kwenye sili iliyochoka, yakaiharibu grisi, na viroba vya shemeji vikamalizia kazi. Diski nayo ilikuwa imelika: ukipitisha ukucha ukingoni, unakwama.

Sasa, kwenye gari hili diski imefungwa kwa bolti nyuma ya habu. Haitoki mpaka habu itoke. Habu haitoki mpaka nati mbili kubwa zitoke, na nati huzioni mpaka ufungue kile kifuniko cha kuunganishia mvuto wa mbele, kilichokazwa kwa vipete vya koni vilivyoshikana kwa kutu. Mume wangu aliposikia urefu wa kazi akaamua ifanyike uani, chini ya mwembe, ili spea zake zisije zikapata pacha gereji. Hapo ndipo nyumba yangu ilipoingia matatani.

Nati zile zinahitaji boksi ya 54. Wengi hutumia tindo na nyundo, na zetu zilikuwa na makovu ya mafundi waliotangulia. Nilikataa tindo kabisa. Boksi ikapatikana kwenye gereji ya malori, simu ya fundi ikabaki kule rehani.

Mama mkwe aliiangalia pikapu ikiwa juu ya magogo akatikisa kichwa. "Mapadre walifika Ushirombo 1891 kwa miguu," alisema. "Hakuna aliyekufa kwa breki." Hatukubishana. Huyu ni mtu ambaye mpaka leo anasema tuko Shinyanga, ilhali wilaya yetu ya Bukombe ilihamia Mkoa wa Geita tangu 2012.

Beseni langu la vyombo lilitangulia kutekwa, likajazwa dizeli ya kuoshea habu. Kisha fundi akaomba friji. Pete za nje za beringi hukaa kwa kubana ndani ya habu. Za zamani hutolewa kwa kugongwa, na mpya ukizigandisha husinyaa kidogo, zikaingia bila ugomvi. Zikalala usiku kucha kwenye mifuko, katikati ya barafu za ukwaju ninazouzia watoto wa shule. Asubuhi, pete moja haikuwepo. Tulipekua uani, tukapekua gari, shemeji akaanza kumtazama fundi vibaya. Jua lilipopanda, mtoto wa jirani akaja na mfuko mkononi, amenuna: barafu hii haiyeyuki, anataka mia yake. Nikamrudishia mia, pete ikarudi kugandishwa, na kazi ikasogea mchana.

Kupaka grisi si kupaka kwa juu. Unaiweka kiganjani na kuisukumia beringi mpaka itokeze upande wa pili, katikati ya kila rola. Fundi alipoonyesha mara moja, mama mkwe akavuta kigoda, akafanya zote nne, na ya fundi akairudia. Diski mpya zikafutwa kwa petroli kwanza, maana huja zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu, na ukizifunga hivyo padi zitateleza.

Likabaki la kukaza. Fundi hukaza mpaka mkono uridhike. Lakini mume wangu ana kitabu cha gari, anakitunza pamoja na cheti cha ndoa, nacho kinasema: kaza, zungusha habu huku na huku ili beringi zikae, legeza, kaza tena kidogo, kisha funga mzani wa springi kwenye bolti ya tairi na uvute. Habu ianze kuzunguka kwenye kama kilo 3 hadi 5 na nusu. Ikibana zaidi, beringi itaungua. Ikilegea, tumerudi tulikotoka.

Shemeji, kwa fahari, akaleta mzani wake wa dhahabu. Unapima gramu. Hata fundi alicheka.

Macho yote yakanigeukia mimi. Mzani wangu wa kuning'iniza, wa kilo 25, wenye kulabu ya kutundikia mtoto kwenye kaptula yake ya kitambaa, ulikuwa chumbani. Nikasema mzani wa watoto haushikwi na mikono ya grisi, na haushikwi na mtu asiyejua kuusoma. Nikautoa, nikaurudisha kwenye sifuri, nikavuta mwenyewe. Kilo 9: mkono wa fundi uliridhika kupita kiasi. Akalegeza. Kilo 1, njiti. Akakaza kidogo sana, nikavuta tena polepole, jicho kwenye mshale, habu ikaanza kuzunguka.

"Kilo 4 na gramu 300," nikatangaza. "Yuko kijani."

Gurudumu la kulia nalo likafanyiwa hivyo hivyo, halikusumbua. Jioni mume wangu aliipeleka pikapu barabara ya Kahama, akafunga breki polepole mara kadhaa ili padi na diski zizoeane. Pedeli ilikuwa juu, imara.

Shemeji alifika kesho yake kuuliza kama gari liko tayari kwa viroba. Aliyemjibu ni mama mkwe, kwa Kisumbwa, kwa maneno yasiyochapika.