Saa Moja ya Kontena

Bosi alitaka jambo dogo tu: wadaiwa wa duka lake la jumla watumiwe ujumbe wa kuwakumbusha deni saa moja kamili asubuhi, kabla hela hazijapata safari nyingine. Nikaandika 7 kwenye ratiba ya programu, nikawasha kontena la Docker, nikalala usingizi wa mtu aliyekwisha lipwa.

Ujumbe ukatoka saa nne.

Nikakagua saa ya seva: sahihi. Ratiba: sahihi. Nikaizima seva na kuiwasha, maana kwetu mafundi hiyo ndiyo panadol. Kesho yake, saa nne tena. Nikiwa nimebanwa kwenye daladala, nikampigia kijana wa ofisini: "Hebu iangalie hiyo ratiba, bosi anataka saa moja." Akaiangalia, akakuta 7, akasikitikia uzembe wangu, akaandika 1.

Saa kumi alfajiri simu za wadaiwa zikalia Kariakoo nzima. Mzee mmoja akanipigia (namba ya huduma kwa wateja ni yangu, siku ya kugawana majukumu sikuwepo kikaoni). "Mwanangu, saa hizi watu hupeana habari za msiba. Natafuta miwani huku natetemeka, kumbe nadaiwa unga!"

Hapo ndipo nilipoingia ndani ya kontena lenyewe na kuliuliza saa. Seva kwa nje ilisema 05:20. Kontena likasema 02:20. Halikuwa na habari kwamba liko Dar es Salaam. Lilikuwa likiishi kwa UTC, saa tatu nyuma yetu. Kwa hiyo 7 yangu ilikuwa saa nne, na 1 ya kijana, saa kumi.

Nikaliandikia Africa/Dar_es_Salaam. Halikubisha, wala halikutii. Lilijengwa juu ya Alpine, mfumo uliokondeshwa hadi orodha ya kanda za saa haimo. Nikaisakinisha mlemle ndani, saa zikalingana, nikajipongeza kwa chapati mbili. Jumatatu tukapandisha toleo jipya. Kontena la zamani likafutwa pamoja na marekebisho yangu yote. Zikabaki chapati. Safari hii nikayaandika kwenye Dockerfile, yalikopaswa kuwa tangu mwanzo.

Nikarudisha 7 kwenye ratiba, na sasa ujumbe unatoka saa moja juu ya alama. Juzi bosi akaniita, daftari la madeni likiwa wazi mbele yake, kidole kikiwa kwenye ile siku ya saa kumi. Wengi walilipa kabla jua halijatoka.

"Ile hitilafu," akaniuliza kwa sauti ya chini, "hukuihifadhi mahali?"