Acheni Pengo Langu

Kampala haivumilii pengo. Ukiacha nafasi ndogo kati ya gari lako na lililo mbele pale Jinja Road, itaingia bodaboda yenye abiria wawili na godoro. Ukiacha uwazi kati ya maduka mawili Kikuubo, kesho utamkuta mtu ameshatundika soksi na anauza laini za simu. Taksi yenye leseni ya abiria 14 ina kondakta ambaye kazi yake kubwa ni kumtafutia kiti wa kumi na tano. Kwa hayo sina neno, ni riziki za watu. Ugomvi wangu ni na mafundi wa vyuma, maana sasa wamelivalia njuga pengo la pikapu yangu.

Wenye pikapu mnalijua. Liko nyuma ya kabini, kabla bodi ya mizigo haijaanza. Linapitisha vidole viwili, ukilazimisha vitatu. Watu hudhani hapo ndipo kiwanda kilipoishiwa bati. Toyota ilianza kutengeneza Hilux mwaka 1968 na mpaka leo haijaliziba pengo hilo. Wahandisi hawawezi kusahau kitu kimoja kwa zaidi ya miaka hamsini, tena kitu kinachoonekana hata na mpita njia.

Kabini na bodi ni wapangaji wawili katika kiwanja kimoja. Kiwanja ni chasisi, ile fremu ya vyuma viwili virefu vilivyoshikwa na vyuma vya kukingama. Kabini imekalia raba zake, bodi imefungwa kwa bolti zake, kila mmoja na mlango wake. Gurudumu la nyuma likizama shimoni, chasisi inajipinda kidogo: bodi inainama upande mmoja, kabini inabaki na shughuli zake. Pengo ndilo linalowawezesha kutofautiana bila kushikana mashati.

Na mashimo, alhamdulillahi, hatujapungukiwa. Aprili 2023 mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo aliwaalika wananchi kwenye maonyesho ya mashimo ya Kampala mitandaoni. Kila mtu akaleta picha ya shimo la mtaani kwake kwa fahari, hata Rais akaagiza zitolewe shilingi bilioni 6 za kuyaziba. Basi tuelewane: gari la mji huu linajipinda kutwa, likienda kazini na likirudi.

Mafundi nao niliwaendea kutafuta keria, ile fremu ya kubebea mzigo juu ya gari. Naihitaji kwa sababu najenga. Hapa mjini asiyejenga anadunduliza ajenge. Bomba la chuma dukani lina urefu wa mita 6, na bodi ya dabo kabini ina kama mita moja na nusu. Ukilaza bomba humo, sehemu kubwa inabaki nje, imefungwa kitambaa chekundu, inawatafuta macho wapanda boda. Kwa hiyo bomba sharti lipande juu, lilale juu ya kabini na juu ya bodi kwa pamoja. Hapo ndipo macho ya fundi yanapong'aa.

Nilikwenda Katwe, kwa mafundi wa vyuma. Sitaki mtu aseme nawadharau watu wa Katwe. Wale wanatoa mashine za bisi, majiko na mageti kutoka kwenye vyuma ambavyo wewe na mimi tungevitupa. Lakini nenda na pikapu uone.

"Ssebo, hapa tunakupigia keria moja ndefu," fundi akasema, akipitisha mkono kutoka kioo cha mbele mpaka mlango wa bodi. "Miguu ya nyuma tunaichomelea kwenye bodi, ya mbele tunatoboa paa. Haitatikisika kabisa."

"Hapo ndipo penye shida. Nataka itikisike."

"Unataka keria inayotikisika?"

"Nataka mbili. Ya kabini itikisike na kabini, ya bodi itikisike na bodi."

Akamwita mwenzake aje asikie. Mwenzake akamwita wa jirani. Nikatoa somo la chasisi mbele ya mkutano wa hadhara, nikichuchumaa na kunyoosha kidole chini ya gari. Nilisema: mkifunga chuma kimoja huku na huku, siku gari linapojipinda lazima kitu kikubali kushindwa. Chuma cha keria hakikubali. Bolti haikubali. Bati la paa, ambalo unene wake haufiki milimita moja, ndilo lenye roho laini. Kwanza utasikia mlio, kisha bati litapasuka kuzunguka bolti, kisha Machi itafika na mvua zake, nami nitaendesha gari nikiwa nimejifunika turubai ndani ya kabini.

"Lakini kuna mteja tulimfungia hivyo na bado anatembea," akasema yule wa jirani.

Mteja huyo yupo kila mji. Hana jina, gari lake halijawahi kuharibika, na lilifungwa kinyume cha kila ushauri. Ningependa siku moja nilione paa lake. Naweka dau kwamba lina silikoni nyingi kuliko rangi.

Wazee wetu walipata nafuu. Pikapu zao zilikuwa na mfereji wa mvua pembezoni mwa paa, keria ikauma pale kwa vibanio bila kutoboa kitu. Za siku hizi paa lake ni laini, halina pa kushika. Kama hutaki kulikanyaga kabisa, ipo njia nyingine: keria yote ishike bodi tu, halafu mikono yake ipite juu ya kabini bila kuigusa, ibaki nafasi ya kiganja. Nilipolitaja hilo, fundi aliuliza kama ile nafasi ya kiganja tungeijazia raba. Nikarudi kwenye zangu mbili.

Tukakubaliana: keria mbili zenye kimo kimoja, mzigo ulazwe juu ya zote na ufungwe kwa kamba za mpira wa tyubu, ambazo zikivutwa hujinyoosha na kurudi. Keria mbili zikawa bei mbili. Sikulalamika, na wanaonijua watashangaa.

Siku ya kuchukua gari niliikuta kazi safi, rangi nyeusi, kona zimesuguliwa. Na katikati, kutoka keria ya mbele hadi ya nyuma, bomba nene limechomelewa kulia, na jingine kushoto.

"Hiyo ni nyongeza," fundi akasema kwa tabasamu. "Hulipi kitu. Niliona zimekaa kama zimenuniana."

Sasa mwambie nini mtu aliyekupa nyongeza? Sokoni ukiongezewa nyanya moja unashukuru. Nilishukuru. Kisha nikaomba grainda. Alikata mabomba yale kwa huzuni ya kweli, akanikabidhi niende nayo nyumbani, maana nyongeza hairudishwi.

Tangu hapo sina amani. Kituo cha mafuta kijana ananiambia, "Mzee, fundi wako hakumaliza." Shemeji anajitolea kunilipia "kipande kilichobaki". Fundi mwingine alinisimamisha kwenye foleni Kibuye, akachungulia, akanipa namba ya simu kwa huruma.

Nimeamua kufanya kama wenye viwanja wa mji huu, wanaoandika ukutani kwa rangi nyekundu. Nitaandika mgongoni mwa kabini, herufi kubwa: HAPA HAPAUZWI, HAPAJENGWI. Na ninavyoijua Kampala, kabla rangi haijakauka atakuja mtu kuniuliza bei ya mwisho ni ngapi.