Pima kwa Bega Lako

Nkt! Hebu mtazameni kijana yule anayeteremkia steji ya matatu. Kamera inaning'inia shingoni kwa mkanda mwembamba, na mbele yake lenzi nene kama kinu. Anakwenda lango la Murera, akodi gari aingie Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Saa nne mkono utaanza kumtetemeka. Saa sita ataitupa lenzi kitini. Simba akijitokeza saa kumi jioni, atampiga picha kwa simu. Inaniuma, jamani, kwa sababu kijana anapenda picha kwa moyo wote, na aliyemshauri hakumwambia ukweli.

Watu hudhani lenzi ikiwa nene ndiyo inaona mbali. Aka! Chukueni lenzi mbili za Canon, zote za milimita 400: moja f/2.8, nyingine f/5.6. Gawanyeni 400 kwa 2.8, mtapata tundu la mwanga la milimita 143. Gawanyeni kwa 5.6, mtapata 71. Twiga atasogea karibu sawasawa kwa zote mbili. Ile nene imezidi hasa kwa mwanga, mara nne, na mwanga huo hulipiwa kwa mgongo: toleo lake la pili lina kilo 3.85, ilhali nyembamba ina kilo 1.25. Sisi tuko jirani na ikweta. Saa moja na nusu asubuhi jua limeshaipata mikoma ya mbugani. Mwanga wa ziada wa nini?

Sisemi milimita nyingi ni anasa. Nyasi za Meru ni ndefu, wanyama wanajificha. Milimita 400 zina kazi. Ila saa sita, ardhi ikishapata moto, hewa hucheza machoni, na hapo hakuna lenzi itakayokupa sikio la swala likiwa kali. Pumzika.

Na kubeba nako kuna adabu yake. Usiiache lenzi nzito ining'inie kwenye mdomo wa kamera. Mkanda ufunge kwenye ile pete yenye kiguu iliyo kwenye lenzi yenyewe. Kisha pita sokoni hapa Maua, nunua kilo mbili za maharagwe, yatie kwenye mfuko wa kitambaa kigumu, usiujaze pomoni. Ulaze kwenye ukingo wa dirisha la gari, mwambie dereva azime injini, ubonyeze lenzi taratibu. Maharagwe yatasogea, yatachukua umbo lake, yataishika kama kiganja. Hata hivyo, kwa milimita 400 kasi ya kupiga picha isiwe ya polepole kuliko sehemu moja ya 400 ya sekunde.

Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, walisema wahenga. Mbugani Mnyamwezi ni wewe mwenyewe. Mwenye kubeba bunda hulipima begani kabla ya kuondoka nalo. Kwa hiyo kabla hujanunua, azima lenzi siku moja, upande nayo kilima kutoka steji. Ukifika juu na bado unatamani kupiga picha, hiyo ndiyo yako.

Matatu ya kijana yule haijajaa bado. Mwiteni arudi kidogo. Mfuko wa maharagwe ninao.