Jinsi ya Kushindanisha Altezza na Pikapu Mpaka Pikapu Ishindwe

Fedha za kahawa zimeingia na moyo wako umeshaamua: unataka Altezza. Hongera. Kilichobaki ni kuwaonyesha watu wa Maguu kwamba ulipima kwanza. Fuata hatua hizi, ndugu yangu, na ile Hilux ya mkononi haitaambulia kitu.

1. Chagua uwanja. Usithubutu kufanya majaribio kwenye njia za kupandia mlimani. Nenda kwenye lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay kabla mvua hazijaanza. Mteremko wa kwenda ziwani una kona za kutosha. Altezza itazikata vizuri, Hilux itakuja nyuma ikitoa moshi. Piga picha nyingi.

2. Chagua hesabu. Altezza RS200 ya gia za mkono: injini lita 2, nguvu za farasi 210. Hilux ya zamani yenye dizeli ya 3L haifiki hata 100. Taja namba hizo mbili, kisha nyamaza. Akitokea mtu wa kuuliza magunia, mwambie wewe hufanyi biashara ya mizigo.

3. Ficha umri. Altezza zilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, kwa hiyo hata kitinda mimba wao ni mtu mzima. Usihangaike. Tafuta yenye namba D. Herufi hiyo inasema gari lilisajiliwa lini Tanzania, haisemi lilitoka kiwandani lini, na wengi husoma herufi tu. Halafu nje ya Japani gari hilohilo liliuzwa kwa jina la Lexus IS. Nembo zinauzwa, na gundi ipo.

4. Wakumbuke jamaa. Mwenye pikapu kijijini ana gari la ukoo, siyo lake. Saa nane usiku shemeji anagonga mlango: mke ameshikwa uchungu. Jumamosi kuna harusi, na nyuma wamepanda kwaya nzima, spika na viti vya kukodi. Jumapili ni jeneza. Jumatatu mjomba ana "kamzigo kadogo tu ka mahindi", kumbe magunia tisa. Mafuta hajazi mtu. Utapewa mkungu wa ndizi na "Mungu akuzidishie". Altezza inakukinga na yote hayo. Jeneza haliingii, mahindi yakiingia gari linalala chini, na kwaya itabidi itembee. Kazi yako ni kusikitika hadharani: "Ningesaidia, ndugu zangu, lakini si mnaona wenyewe?" Hii ndiyo hoja pekee ya kweli katika mwongozo huu, kwa hiyo usiitaje mbele ya watu.

5. Jiandae na mvua. Novemba haina adabu. Altezza husukumwa na magurudumu ya nyuma, na kwenye tope la mlimani yatazunguka palepale huku watoto wakishangilia. Barabara itajaa mashimo kama ngoro, ila ngoro Wamatengo huzichimba kwa akili, ili kuzuia maji yasibebe udongo. Sampu ikigonga jiwe, ongeza sauti ya redio. Bora zaidi, kabla ya hapo lipeleke gari Mbinga kwa ndugu mwenye geti. Ukiulizwa, jibu: "Gari nimeliacha mjini." Utaheshimiwa kuliko ungekuja nalo.

6. Mbolea lazima ipande Maguu, mvua au jua. Kodi Hilux, ikiwezekana ileile uliyoishinda kwenye lami. Mwenyewe atakumbuka, na bei itaonyesha kwamba amekumbuka, usibishane. Funguo za Altezza zishike mkononi zionekane, na ukae mbele na dereva. Nauli ilipe mapema, maana anayechelewa hupanda nyuma, juu ya mifuko.